Mwalimu Atetemekaye Mkono: Je, Aondolewe Chuoni?

Katika darasa letu la usiku, kijana mmoja alisimama akauliza suali ambalo halikupata jawabu wakati ule, kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa maneno mawili. Tulimwahidi kuliandika hapa ili wafaidike nalo na wale wasiohudhuria. Suali lake ni hili:

"Maalim, baba yangu amesomesha chuo kwa zaidi ya miaka 30. Tangu miaka miwili sasa mkono wake wa kulia hutetemeka akiwa ameketi, mwendo wake umekuwa mzito, sauti imefifia, na hati yake iliyokuwa ikisifiwa imekuwa ndogo hata wanafunzi hawaisomi. Daktari ametwambia kuwa ni maradhi ya Parkinson, nayo hayaondoki, bali huzidi kidogo kidogo. Sasa wazazi wa watoto wasema aondolewe chuoni apumzike, majirani wasema amerogwa, na yeye mwenyewe hataki tena kutoka nje. Je, tumweke ndani, au tumwache aendelee? Na sisi wanawe yatupasa nini?"

JAWABU. Kwa ufupi twasema: asiondolewe, bali abadilishiwe namna ya kufanya kazi. Maradhi haya yana mwendo wake, wala hapana leo awezaye kuyasimamisha. Lakini msaada nao una mwendo wake, na mwendo huo uko mikononi mwetu. Msaada ukichelewa, mtu huanguka. Msaada ukitangulia mno, mtu hunyang'anywa viungo vyake kabla maradhi hayajavichukua. Hekima yote ya kuishi na mgonjwa wa namna hii ni kwenda naye sawa, hatua kwa hatua. Na tueleze.

1. Maradhi haya ni kitu gani

Mwaka 1817 tabibu mmoja wa London, jina lake James Parkinson, alitoa kijitabu akieleza hali za watu 6 waliokuwa wakitetemeka na kwenda kwa kuinama. Baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake. Aliwaona njiani tu, akawatazama kwa makini. Jina lake ndilo lililobaki katika maradhi hayo. Wala si yeye wa kwanza kuutazama mtetemeko kwa jicho la tiba. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, ameeleza katika Al-Qanun khabari za raasha, yaani kutetemeka kwa viungo, akaiweka pamoja na maradhi ya mishipa ya fahamu. Basi asemaye kuwa kumpeleka mtu huyu kwa daktari ni kuiga mambo ya wageni, na ajue kuwa wanavyuoni wetu walikuwa katika njia hiyo karibu miaka elfu moja iliyopita.

Ndani ya ubongo mna chembe zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini. Hiki ndicho kisaidiacho amri za ubongo kuufikia mwili kwa wepesi, hata mtu akainuka, akageuka, akafunga kifungo bila ya kufikiri. Katika maradhi haya chembe hizo hufa kidogo kidogo, na dalili hazidhihiriki mpaka sehemu kubwa imekwisha kufa. Ndiyo maana mtu huonekana ameanza kuugua jana, na ilhali jambo lilianza miaka mingi nyuma.

Dalili zake kubwa ni hizi: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, na mara nyingi hupoa ukishika kazi, mwendo huwa mzito na hatua fupi, viungo hukakamaa, na baadaye mtu hupoteza mizani akawa mwepesi wa kuanguka. Pamoja na hizo hati hupungua ukubwa, sauti hushuka, choo huwa kigumu, usingizi huharibika, na wengi hupoteza uwezo wa kunusa. Tena misuli ya uso hukosa kucheza. Hapa ndipo watu wa barazani hukosea wakasema, "Fulani siku hizi amekuwa na kiburi, hata kutabasamu hataki." Maskini, moyo wake watabasamu, ni uso uliokataa kupeleka khabari.

Maradhi haya hayaambukizi. Mtu aweza kula naye, kulala naye na kumpa mtoto ampakate. Wengi wapatwao wamepita umri wa miaka 60, lakini wako wapatwao kabla ya 50. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikisia kuwa mwaka 2019 walikuwako zaidi ya watu milioni 8.5 duniani wenye maradhi haya. Basi baba wa kijana wetu si peke yake, wala hakuchaguliwa yeye kwa adhabu.

Twatahadharisha jambo moja: si kila atetemekaye ana Parkinson. Iko mitetemeko itokanayo na tezi la shingo, iko ya urithi, iko iletwayo na dawa. Hapana kipimo kimoja cha damu kikatacho shauri. Daktari huyajua maradhi haya kwa kumchunguza mtu na kumfuatia. Kwa hivyo asijihukumu mtu mwenyewe, wala asihukumiwe na jirani.

2. Habari ya uchawi

Katika miji yetu mtu akikakamaa viungo, neno la kwanza ni kwamba amerogwa au ana shetani. Huitwa mganga, huchinjwa kuku, hufungwa hirizi, na fedha ambazo zingenunua dawa za miezi huishia katika ubani. Hatuna ugomvi na dua. Mgonjwa na aombewe, na yeye mwenyewe na aombe. Ugomvi wetu ni na yule asemaye, "Acha dawa za hospitali, zitaizuia dawa yangu." Neno hilo ni la khatari, na tutaona sababu yake hivi punde.

Liko jambo jingine ambalo kila nyumba yenye mgonjwa huyu yafaa ilijue mapema. Baada ya miaka, baadhi ya wagonjwa huona vitu visivyokuwako: paka amepita, mtoto amesimama mlangoni, watu wameketi chumbani. Huweza kuwa ni kwa sababu ya maradhi yenyewe, au ya dawa, au ya homa iliyojificha. Watu wa nyumbani wakisikia hayo husema, "Haya, sasa majini yamejidhihirisha." La. Hilo ni jambo la kumweleza daktari, naye mara nyingi hupunguza dawa au huibadilisha, na hali ikatengenea.

Na huzuni ya mgonjwa nayo isidhaniwe kuwa ni upungufu wa imani. Dopamini ile ile iendeshayo mwendo ina kazi pia katika furaha ya mtu na hamu yake. Kumwambia, "Jikaze, wewe ni mtu mzima," ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika akimbie. Huzuni yake ina tiba, nayo na itibiwe.

3. Dawa na saa zake

Hadi leo hapana dawa iondoayo maradhi haya, na yeyote auzaye chupa akadai kuwa yayaondoa kabisa, huyo anauza uongo. Lakini iko dawa iyapunguzayo sana makali yake. Mwaka 1960 mtaalamu wa Vienna, Oleh Hornykiewicz, alionyesha kuwa ubongo wa watu waliokufa na maradhi haya umepungukiwa na dopamini. Mwaka 1961 yeye na daktari mwenzake, Walther Birkmayer, wakawapa wagonjwa levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Hata sasa hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote, nayo hutolewa pamoja na karbidopa ili isiharibike njiani. Si dawa ya matajiri peke yao. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

Dawa hii ina adabu zake, na nyumba nyingi hukosea hapa:

(a) Saa. Ikiandikwa saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja, basi ni saa hizo. Kwa mgonjwa wa miaka mingi, kuchelewa nusu saa huweza kuwa ndiyo tofauti baina ya kutembea na kuganda kitini. Yafaa saa ya mezani iwe na kengele, na mtu mmoja wa nyumbani awe na jukumu hilo.

(b) Chakula. Nyama, samaki, mayai na kunde hugombania njia moja na levodopa kuingia mwilini. Ndiyo maana madaktari wengi huelekeza inywewe nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada yake. Anayechafukwa na moyo mwanzoni huweza kuruhusiwa kipande cha mkate au biskuti. Haina maana aache nyama. Maana yake ni kupanga wakati.

(c) Kuacha ghafla. Hili ndilo tulilolitaja juu. Dawa hii ikikatwa ghafla, mwili huweza kukakamaa, homa ikapanda, na mtu akafa. Basi isikatwe kwa neno la mganga, wala kwa kuishiwa. Dawa mpya na inunuliwe kabla ya ile ya zamani kwisha.

(d) Dawa zisizoafikiana nayo. Metoklopramidi, ambayo hutolewa sana kwa kuzuia kutapika, na haloperidoli, huzuia kazi ya dopamini na kuyazidisha maradhi haya. Mgonjwa akilazwa kwa jambo jingine lolote, mtu wake na achukue karatasi yenye jina la maradhi, dawa zake na saa zake, amwonyeshe kila daktari na kila muuguzi.

(e) Upupu. Wako wasikiao kuwa mbegu za upupu zina levodopa, nalo ni kweli. Na huko Bara Hindi waganga wamezitumia mbegu hizo tangu zamani. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana baina ya mbegu na mbegu, na mwenye kuzichanganya na dawa ya hospitali hajui amekunywa kiasi gani. Asithubutu mtu kufanya hivyo nyuma ya mgongo wa daktari wake.

4. Mfano wa mtu tumjuaye sote

Pengine msomaji atasema, "Haya ni maneno ya vitabuni." Basi na tumtazame mtu ambaye picha yake ilitundikwa katika nyumba na maduka mengi ya pwani hii: Muhammad Ali, bingwa wa ngumi. Alizaliwa mwaka 1942, akapigana pigano lake la mwisho Disemba 1981, na mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42, akaambiwa ana maradhi haya. Alikufa tarehe 3 Juni 2016. Hisabu mwenyewe: miaka 32 aliishi nayo, na mwili wake ukizidi kumwasi mwaka baada ya mwaka.

Katika miaka hiyo alifanya nini? Mwaka 1990 alisafiri mpaka Baghdad kuwaombea Wamarekani waliozuiliwa huko, na akarudi na watu 15. Sauti yake ilikuwa imekwisha kushuka, na katika safari hiyo dawa zake zilimwishia, hali yake ikawa nzito mpaka zilipopatikana nyingine. Hilo ni funzo kwetu: mtu aliyeweza kuwaokoa watu 15 aliangushwa na chupa tupu. Mwaka 1996, mjini Atlanta, aliuwasha mwenge wa Olimpiki, na mkono wake wa kushoto ukitetemeka mbele ya macho ya dunia nzima. Hakuuficha. Mwaka 2012, mjini London, alifikishwa mbele ya bendera ya Olimpiki, akasimama kwa kushikwa na mkewe Lonnie.

Tazama baina ya mwaka 1996 na 2012. Mara ya kwanza alishika moto mwenyewe. Mara ya pili alishikwa yeye. Msaada ulizidi kadiri maradhi yalivyozidi, lakini mara zote mbili alikuwa mbele ya watu, si chumba cha ndani. Bila shaka alikuwa na mali ambayo sisi hatunayo. Lakini mke mwenye subira, dawa kwa saa yake, na watu wasiomwonea haya, hayo si mambo ya kununuliwa Marekani peke yake.

5. Mwili na nyumba

Kiungo kisichotumiwa hukakamaa zaidi. Kwa hivyo kusema "apumzike" ndiyo nasaha mbaya kuliko zote. Mazoezi ya kila siku husaidia mwendo, mizani na moyo wa mgonjwa. Na atembee asubuhi kabla ya jua kuwa kali, akinyoosha hatua na kutupa mikono, na mtu kando yake. Akiweza kupata mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, ni bora zaidi.

Hutokea miguu ikaganda ghafla, khasa mlangoni au mahali pembamba, kana kwamba imegandishwa sakafuni. Msimvute, kwani mwili utatangulia na miguu itabaki, naye ataanguka kwa uso. Mwambieni asimame wima, avute pumzi, ahamishe uzito mguu huu na huu, kisha ahisabu moja, mbili, tatu, na apige hatua. Ni ajabu, lakini mistari ya utepe wa rangi iliyobandikwa sakafuni mlangoni husaidia: mguu uliokataa kwenda wenyewe hukubali kuuvuka mstari. Akitaka kugeuka, na azunguke kwa upana, asijipindue mahali pamoja.

Nyumba nayo ina sehemu yake. Nusu ya ulemavu imo mwilini, na nusu nyingine tumeijenga sisi kwa mawe na chokaa. Nyumba zetu za zamani zina ngazi kali na nyembamba. Mgonjwa na ahamishiwe chini mapema, kabla ya kuanguka, wala isingojewe nyonga ivunjike ndipo shauri lifanywe. Mikeka na mazulia yenye ncha zilizoinuka na yaondolewe njiani. Makubadhi yachapuliayo miguuni na yabadilishwe kwa viatu vyenye kushika kisigino. Taa na iwake usiku baina ya kitanda na choo, au chombo cha haja ndogo kiwekwe karibu. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti, na ukutani pigiliwe chuma cha kushikia, si msumari wa kutundikia taulo. Kiti cha kukalia kiwe kirefu kidogo chenye mikono. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kitambo kidogo, kwani damu huweza kushuka akapata kisunzi.

Vifungo vya kanzu vitamshinda. Fundi wa cherehani aweza kutia utepe wa kunata chini ya kifungo, na kwa nje kanzu ikabaki kanzu. Kikoi kitieni lastiki. Kikombe kiwe na mikono miwili, kisijazwe. Haya ni mambo madogo, lakini mtu ajivalishaye mwenyewe kwa robo saa ana heshima kuliko avalishwaye kwa dakika moja. Mpeni hiyo robo saa. Kumfanyia kila kitu kwa haraka yetu, tukaiita haraka hiyo huruma, ni namna ya kumdhulumu.

6. Kula na kusema

Siku nyingine kumeza huwa shida. Dalili yake ni kukohoa wakati wa kula, au sauti kuwa na majimaji baada ya kunywa. Na ale akiwa ameketi wima, tonge ndogo, bila ya kuzungumzishwa, wala asilale mara baada ya kula. Daktari aambiwe, kwani chakula kiingiacho mapafuni huleta homa kali. Maji mengi, matunda na mboga humsaidia choo.

Ama sauti, mgonjwa huhisi kuwa anasema kwa nguvu, na ilhali wenziwe hawamsikii. Dawa yake ni kuzoezwa kusema kwa sauti kubwa kuliko aionavyo yeye kuwa yatosha. Na nani aliye na mazoezi haya nyumbani kwake kuliko mwalimu wa chuo? Kila siku na asome kwa sauti ya juu, kurasa zake anazozijua, na mwanawe akiwa mwisho wa chumba amwambie kama amesikia.

7. Ibada yake

Wengi hutuuliza juu ya sala na saumu, nalo ni jambo limhuzunishalo mgonjwa kuliko mtetemeko. Sharia imekwisha kumpa njia. Asiyeweza kusimama husali akiwa ameketi, na asiyeweza kuketi husali akiwa amelala. Na rukuu na sujudi hutosha kwa kiasi cha uwezo wake, hata kama ni ishara ya kichwa. Kumwinua kwa nguvu ili asimame kama zamani si uchaji, ni kumtia khatarini. Akitawadha, apewe kigoda, na mtu ammiminie maji.

Ama saumu, tumekwisha kuona kuwa dawa yake yataka kunywewa mara kadhaa mchana kwa saa zake. Wako wa mwanzo wa maradhi ambao daktari huweza kuwapangia. Wako wengine ambao kufunga kwao ni khatari. Huyu wa pili amepewa ruhusa, na akiwa hatarajii kupona, hulisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Kuikataa ruhusa mpaka mtu akalazwa si daraja ya juu ya dini.

Na sisi wenye misikiti tujiulize: mwaka huu tumepaka rangi, tumenunua mazulia na feni, je, tumeweka njia ya mteremko kando ya zile ngazi? Mtu aliyeadhinia miaka ishirini hafai kubaki nyumbani kwa ajili ya vidaraja vitatu.

8. Yule anayehudumia

Twasema wazi: katika nyumba zetu kazi hii yote huangukia mwanamke mmoja, mke au binti, na wanaume huja jioni wakauliza, "Baba yuaje?" Hiyo si huduma, ni ziara. Maradhi haya ni ya miaka mingi, si ya wiki mbili, na mwenye kubeba naye ana mgongo. Ndugu wote na wakae kikao waandike zamu: nani usiku gani, nani wa dawa, nani wa kumtembeza, nani wa gharama, na mwenye kuhudumia kila siku apate siku yake ya kupumzika. Aliye mbali Nairobi au Ughaibuni, na atume fedha kwa tarehe maalumu, si kwa kuombwa.

Na liko la serikali pia. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali pa umma na kupata usafiri, na ya vifaa vya kumsaidia. Maradhi yakifika kumlemaza, na aandikishwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini. Wengi huona haya kuandikwa jina hilo. Haya hiyo haina faida. Haki isiyodaiwa huliwa na mchwa ofisini.

9. Sasa turudi chuoni

Katika suali lote tumesikia rai ya wazazi wa watoto, ya majirani na ya wanawe. Rai ya mwalimu mwenyewe hatukuisikia. Basi wajibu wenu wa kwanza, ewe kijana, ni kuketi naye wakati dawa imeshika vyema, mkamwuliza, "Baba, wewe wataka nini?" kisha mkangoja. Jawabu lake laweza kuchelewa, maana fikira na ulimi navyo huenda polepole. Msimalizie maneno yake. Akisema amechoka na ataka kupumzika, hiyo ni khiari yake. Lakini twadhani kuwa kujifungia kwake ndani si kupenda kupumzika. Ni kuona haya kwa mkono wake.

Akikubali kuendelea, mpangilieni hivi. Saa za chuo zifuate saa za dawa, ziwe fupi, na katikati apumzike. Kuandika ubaoni apewe mwanafunzi wake mkubwa. Na akitaka kuandika mwenyewe, apewe karatasi yenye mistari mipana. Sauti isaidiwe na kipaza sauti kidogo, na watoto waketi karibu naye kwa nusu duara. Naye abaki na kazi iliyo kubwa kuliko zote, kusikiliza. Kusomesha Qur'ani, tangu asili yake, ni mwanafunzi kusoma na mwalimu kumsahihisha. Mkono umetetemeka, sikio halikutetemeka. Mtoto akikosea irabu, mwalimu atamjua, na kidole kimoja kikigonga meza chatosha kumrudisha.

Wanafunzi nao waambiwe ukweli, kuwa mwalimu wao ana maradhi ya ubongo yamtetemeshayo mkono, hayaambukizi, wala si jambo la kuchekwa. Watoto wakificha wenyewe hubuni. Wakielezwa huzoea kwa siku tatu. Na mzazi amwondoaye mtoto wake kwa kuogopa mtetemeko, na ajue kuwa amemnyima somo ambalo halimo kitabuni: namna ya kumheshimu mtu ambaye mwili wake umepungua na ilimu yake haikupungua.

Wala msijidanganye kuwa mpango huu ni wa milele. Kila miezi sita ketini tena mtazame: kipi sasa kimemshinda, kipi bado anakiweza. Kilichomshinda msaidieni, anachokiweza mwachieni. Tangu sasa, sauti ikiwa bado ipo, rekodini kisomo chake, na yule mwanafunzi mkubwa na aanze kufunzwa unaibu. Siku itakapofika ya kushindwa kabisa, chuo hakitafungwa, na mwalimu hatakuwa ameondolewa, atakuwa amekabidhi.

Huyo baba alimshika mwanawe mkono alipokuwa akijifunza kwenda, akamwacha kidogo, akamshika tena alipoyumba. Hakumbeba siku zote, wala hakumwachia aanguke. Kijana wetu na amfanyie vivyo hivyo, naye atakuwa amelijibu suali lake mwenyewe.

Wa billahi taufiq.